Kifungu cha Miche

Jumamosi asubuhi mwalo wa Ujiji haukuwa na pa kuweka mguu. Boti tatu kutoka vijiji vya kusini ziliingia kwa mpigo, watu wakashuka na magunia ya muhogo, madumu ya mawese na kuku waliofungwa miguu, huku wauza dagaa wakiitana kama wanaogombana. Dunia Kasongo alipenya katikati yao akitafuta samaki wa mama yake, migebuka ya ziwani. Alivaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa sawasawa kiunoni, na viatu vya kisigino ambavyo mama alimkataza kwenda navyo mwaloni. Kisigino kimoja kikagonga kitu, kitu kikaanguka.

"Dada! Umemwangusha mwanangu!"

Dunia aligeuka roho juu, akidhani amemkanyaga mtoto. Chini ulikuwepo mche wa mchikichi, kiriba chake cha plastiki nyeusi kimechanika, udongo umemwagika. Kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati limelowa maji ya ziwa, alikuwa amesimama pale akiwa amekumbatia mche mwingine kifuani.

"Huyu ndiye mwanao?" Dunia aliuliza.

"Wa kwanza. Huyu niliyembeba ni pacha wake."

"Na mama yao yuko wapi?"

"Bado namtafuta," alijibu bila kucheka, na macho yake hayakubanduka usoni pa Dunia.

Dunia akaona aibu, akachutama. Akazoa udongo kwa mikono miwili, kucha zake za rangi na yote, kijana akavua kofia ili waupakie mche humo. Aliitwa Hamdani, mzaliwa wa Ilagala, afisa kilimo aliyehamishiwa Simbo mwezi ule kusimamia kitalu cha michikichi cha halmashauri. Ile miche miwili ilikuwa imeshambuliwa na wadudu, naye alikuwa akiipeleka kuichunguza.

"Na wewe dada, unafanya kazi wapi?"

"Halmashauri hiyo hiyo. Mimi ni mchumi, idara ya mipango."

"Kumbe tunakula sahani moja!"

"Hatujala chochote bado."

"Basi twende tukale."

Migebuka ya mama ilifika nyumbani saa nane mchana, nusu imeharibika. Mama alimtazama bintiye juu hadi chini, akaona udongo kwenye pindo la gauni na tabasamu lisilokwisha mdomoni, akasema tu, "Haya. Mwambie huyo mtu siku nyingine akuruhusu urudi mapema."

Ulikuwa mwezi wa kumi, mvua za kwanza zinaanza. Tangu siku hiyo simu ya Dunia haikupoa. Hamdani alipiga kutoka kitaluni, kutoka juu ya pikipiki, kutoka chumba alichopanga mtaa wa Katubuka.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nikisikia sauti yako nashiba."

"Muongo! Nasikia unatafuna."

"Ni muhogo tu huu, hauhesabiki."

Mchana walikutana kwa mama ntilie nyuma ya ofisi. Jumapili walipanda kilima wakatazama maji ya Tanganyika yakigeuka kijani hadi buluu, na milima ya Kongo ng'ambo kama moshi. Hamdani alimweleza habari za kitalu: miche elfu kumi na moja, iliyomwagiliwa mwaka mzima na kina mama thelathini wa Simbo, kila mmoja akisubiri kupewa ya kupanda shambani kwake, mbali kando ya ziwa. "Ikifika mwezi wa pili lazima itoke," alisema. "Mizizi inatoboa viriba. Ikipitwa na mvua hizi, tumeipoteza. Uzuri wake, fedha za malori zimo kwenye bajeti."

Dunia alijua zimo. Yeye mwenyewe ndiye aliyezichapa.

Mwezi wa kwanza ulipofika, mambo yakageuka. Ushuru wa mazao haukufikia hata nusu ya makadirio, na ukaja wakati wa mapitio ya bajeti ya nusu mwaka. Bwana Oswald, mkuu wa mipango, mtu mpole anayekaribia kustaafu na asiyependa kugombana na yeyote, alimwita Dunia mezani kwake.

"Idara ya kilimo inapunguziwa. Andaa rasimu. Kata usafirishaji wa miche na maji ya kitalu."

"Mzee, hiyo miche itakufa."

"Kata palipo rahisi, binti yangu. Ukigusa posho, watu wataandamana hadi mlangoni hapa. Miche haipigi kelele. Na rasimu ni siri mpaka kamati ikae. Tumeelewana?"

Dunia aliandika kama alivyoagizwa, vidole vizito, akijiambia kwamba kabla ya kamati atakuwa amepata pengine pa kukata. Jumatano alikaa na Hamdani kwa mama ntilie. Hamdani alizungumza juu ya malori kwa furaha, akipanga nani aanze kupakia, na Dunia akawa anapakua mchuzi tu, hamtazami usoni. Kiapo cha kazi kilimzuia kusema.

Ijumaa mchana simu iliita.

"Dunia, hii rasimu umeandika wewe?" Sauti ya Hamdani ilikuwa kavu kama ya mtu asiyemjua. Mkuu wake wa kilimo alikuwa amemtumia nakala.

"Hamdani, nisikilize kwanza..."

"Jina lako liko hapa chini. Imeandaliwa na Dunia Kasongo. Juzi nimekaa na wewe nakueleza malori, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Lakini nilikuwa natafuta..."

"Ulikuwa unajua, ukaniacha niongee kama mjinga! Kina mama wale nitawaambia nini? Kwamba aliyekata fedha zao ni mchumba wangu?"

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita mchumba, na palepale akakata simu. Dunia alipiga tena, na tena. Simu ilikuwa imezimwa.

Scola, katibu muhtasi waliyeshirikiana naye chumba cha ofisi, alimsogezea kitambaa. Dunia hakukichukua. "Sitaki kulia," alisema. "Nataka kwenda Simbo."

Kesho yake alifika Simbo kwa bodaboda, safari hii amevaa raba na suruali ya jinzi. Hamdani hakuwepo. Aliyempokea ni Mama Yunisi, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, mwanamke mwembamba mwenye ndoo kichwani.

"Mwakeye, mwanangu," alimwamkia kwa Kiha. "Hamdani ameondoka alfajiri kwenda Ilagala. Anasema malori hayaji, anakwenda kuwaomba wenye boti watubebee kidogokidogo. Hakulala yule mtoto. Wewe ndiye Dunia?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Anakutaja mpaka kwenye miche."

Dunia alichukua ndoo, akaingia kwenye mstari wa kina mama waliopanda kutoka kijitoni, maji yakimwagikia mabegani. Miche ilijipanga kijani hadi upeo wa macho, na kila kiriba alichoinua kilikuwa na mizizi inayochungulia chini kama vidole. Alipokwenda nyuma ya stoo kutafuta kivuli, akaliona gari.

Lilikuwa gari la idara ya kilimo, namba zake anazifahamu kwa moyo, maana kila mwaka alizichapa kwenye bajeti: mafuta, matairi, matengenezo. Gari lenyewe lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina tairi hata moja. Alifungua boneti, injini haikuwepo. Kwenye kiti cha dereva kuku alikuwa ameatamia, akamtazama Dunia kwa hasira ya mwenye nyumba.

"Mama Yunisi! Gari hili limekaa hapa tangu lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

Dunia akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, kina mama wakaweka ndoo chini kumshangaa. Kisha akatoa simu, akapiga picha: mawe, boneti tupu, kuku.

Jumatatu alimwekea Bwana Oswald picha zile mezani. Mzee alivua miwani, akaivaa tena.

"Kifungu hiki kipo miaka yote," alisema taratibu. "Mwisho wa mwaka huwa tunakihamishia kwenye mahitaji mengine. Ukikigusa utaulizwa kwa nini hukuliona gari hili mapema."

"Niulizwe."

"Unaweza kuhamishwa, Dunia. Wapo watakaokasirika."

"Mzee, kifungu kizima cha gari kinatosha malori na maji. Nimepiga hesabu mara nne."

Bwana Oswald alizikusanya picha, akamrudishia. "Sitakuzuia," alisema mwishowe. "Lakini sitasimama. Simama mwenyewe."

Jumatano Kamati ya Fedha ilikaa. Madiwani walijaa ukumbini, feni zikizunguka bila kupoza kitu. Dunia alisimama na suti yake ya bluu. Alikuwa ameanza sentensi ya pili mlango wa nyuma ulipofunguliwa, akaingia Hamdani, mabuti yamejaa tope, mkuu wake amemtuma mtu kumwita aje kujibu maswali. Macho yao yalikutana. Hamdani akayashusha.

Dunia akaendelea. "Mheshimiwa Mwenyekiti, rasimu ya kwanza niliiandaa mimi, na haikuwa sahihi. Ilikata miche ya Simbo ikaacha mafuta ya gari hili." Picha ya kuku ikatokea ukutani. Ukumbi mzima ukalipuka kicheko.

"Huyo dereva anakunywa lita ngapi?" diwani mmoja alipaza sauti.

"Huyo hajanywa kitu, Mheshimiwa. Naomba mafuta yake, matairi yake na matengenezo yake yahamishiwe kwenye miche na maji."

"Na wewe mchumi," diwani mwingine alimkatiza kwa ukali, "miaka yote ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ofisini, nachapa bila kwenda kuangalia. Kosa ni langu. Lakini miche isife kwa kosa langu."

Kicheko kilikatika. Mwenyekiti aligonga meza. "Afisa wa Simbo yupo? Unasemaje?"

Hamdani alisimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, ni kama alivyosema mchumi. Tuna wiki tatu za mvua za kutegemea. Mimi..." Akageuka, akamtazama Dunia moja kwa moja mbele ya ukumbi wote. "Mimi nilikuwa sijamwelewa mchumi. Sasa nimemwelewa."

Mikono iliponyooshwa kukubali, hata wa Bwana Oswald uliinuka, ingawa yeye hakuwa mjumbe wala hakuruhusiwa kupiga kura.

Kwenye korido Hamdani alimsubiri kando ya ubao wa matangazo.

"Nilikukatia simu," alisema.

"Ulinikatia. Na ukaizima siku tano."

"Nilifika hadi Ilagala, nikamweleza mama yangu. Akaniuliza, 'Ulimwacha amalize kusema?' Sikukuacha. Nisamehe, Dunia."

"Na mimi nilipaswa kukwambia. Siri ile ilinila." Dunia alimsukuma kifuani kwa ngumi, si kwa nguvu. "Ila ukinizimia simu tena, nitakuja kukaa mlangoni kwako na ndoo ya maji nikumwagie."

"Nasikia unajua kubeba ndoo siku hizi."

"Nani kakwambia?"

"Simbo nzima inasema."

Walicheka mpaka Scola akatoa kichwa dirishani kuwanyamazisha.

Ijumaa ya wiki iliyofuata malori mawili yaliingia Simbo. Kilikuwa kishindo! Kina mama walijifunga khanga viunoni, viriba vikapita mkono kwa mkono, wengine wakiimba Kiha, na manyunyu yakiwapoza. Dunia alisimama juu ya lori la kwanza akipokea miche na kuipanga, kilemba kimelegea, tope hadi kwenye nyusi. Hamdani alikuwa chini, akimpa mmoja mmoja. Dereva akawasha injini, ikanguruma ikafunika kila sauti.

Hamdani alisema kitu.

"Nini?" Dunia aliita.

Akasema tena. Dunia akatikisa kichwa, akainama, mkono sikioni. "Sikusikii! Umesemaje?"

Hamdani akakusanya pumzi zote alizokuwa nazo, akapiga kelele, na dereva akazima injini wakati huohuo.

"NIMESEMA NATAKA KUKUOA!"

Sauti yake ilikwenda mpaka kijitoni. Wimbo ukakatika. Kina mama thelathini wakasimama, kila mmoja na mche kifuani, wakigeuza macho kutoka kwa Hamdani kwenda kwa Dunia. Hamdani alifunika uso kwa mikono ya tope.

"Mjibu basi, mwanangu," alisema Mama Yunisi. "Lori linasubiri."

Dunia alikaa kwenye ukingo wa lori, miguu ikining'inia. Alimtoa Hamdani mikono usoni kwa ncha ya raba yake.

"Leta wazee wako Ujiji," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mama nitamwambia mwenyewe. Mimi nimekubali."

Vigelegele vilipasuka Simbo nzima. Hamdani alipanda lori kwa kuruka, nusura aanguke, Dunia akamdaka mkono, na dereva akaondoka nao wote wawili juu, katikati ya miche, huku Mama Yunisi akikimbia nyuma akiwakumbusha kwa sauti kwamba bado kuna lori la pili.