Betri Kavu Chini ya Kiti

Feni ilikataa kuzima. Hilo ndilo lililomtoa jasho fundi umeme, na fundi aliyekula chumvi nyingi kama yeye si mtu wa kutishwa na feni.

Alikuwa amepiga magoti ndani ya gari-nyumba, basi dogo lenye kitanda, jiko na sinki. Marehemu mpima barabara aliishi humo na mkewe na binti yao, wakihama kila kazi ilipohamia. Sasa cherehani ya umeme ya mjane ilikuwa ikikoroma badala ya kushona, naye akamwita fundi abadilishe betri za nyumba, zile za taa na vyombo vya ndani. Fundi alizifungua nyaya zake kama siku zote, hasi kwanza, kisha chanya. Betri ya injini alikwisha kuing'oa asubuhi. Gari zima halikuwa na tone la umeme, na feni inazunguka.

"Mama Chiriku," aliita kwa sauti ya chini, "kuna waya mwingine unaingia humu?"

"Waya gani, fundi? Marehemu hata balbu aliona uvivu kubadilisha."

Aliyasema kwa uchungu wa miaka. Mumewe alikuwa mtu wa kulala tu. Akitoka kazini analala, akila analala, kakonda kama ufito, na mkewe hakumbakizia neno: mvivu, gogo, mzigo. Alimwambia hivyo hata asubuhi aliyokufa.

Fundi alijikaza kuivuta betri ya kwanza kutoka chini ya kiti, nusura aanguke chali. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Alipofungua vifuniko, ndani pakavu, na harufu iliyotoka haikuwa ya asidi. Ilikuwa ya shuka la mgonjwa. Ubavuni paliandikwa siku ilipofungwa, kama mafundi wanavyofanya. Miaka kumi na mmoja! Betri ya namna ile ikifika mitano, mwenyewe ashukuru Mungu.

Chini ya tarehe palikuwa na mwandiko wa marehemu: *Tupe mwanga. Kula kwangu na kwa damu yangu.* Pembeni, alama ya dole gumba, rangi ya kutu.

Mjane alisoma mara mbili. Wakati ule mtoto hakuwa hata mimba. Akageuka kitandani, ambako binti yake wa miaka tisa, aliyepewa jina la Chiriku kwa kuwa hakujua kunyamaza, alikuwa amelala saa saba ya mchana, na ndipo alipokumbuka kwamba tangu mazishi ya baba yake mtoto huyu amekuwa wa kulala tu, na kwamba jana yeye mwenyewe, kwa ulimi uleule, alimwambia amerithi uvivu wa baba yake. Akamshika mkono, wa baridi, na kila mtoto alipovuta pumzi feni ilikaza mwendo, alipoishusha ikalegea, ikakaza, ikalegea.

"Mtoe nje," fundi alinong'ona. "Usiulize, mama, mtoe."

Lakini mjane aliinua uso kuielekea feni darini. "Muache mtoto! Kula kwangu mimi!"

Feni ikasimama. Kisha kwenye spika ya redio, ambayo nyaya zake zilikuwa zimelala sakafuni, ikatoka sauti ya mumewe, nzito kwa usingizi.

"Wewe si damu yangu."

Feni ikaanza tena.

"Miaka yote namfulia, nampikia," mjane alisema, analia na kucheka kwa pamoja, "hata jini lake halinitaki."

Mjane alimpigia simu mdogo wake wa kike, akaja na teksi, akambeba mtoto kwenda kwake, ng'ambo ya pili ya mji. Teksi ilipoondoka, feni ilikufa. Mjane alibaki na fundi kuzimaliza zile betri kuukuu. Walizipiga nyundo hadi zikawa vipande, wakavifukia katika shimo la kina cha kiuno. Fundi akafunga mpya. Cherehani ikashona sawasawa, na mjane akaketi ngazini kupumua.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, akiongea kwa kunong'ona.

"Dada, tulifika, nikamlaza. Bado kalala. Ila umeme huku umekatika mtaa mzima tangu jana."

"Sasa unanong'ona nini?"

"Taa ya chumba alimolala imejiwasha."