Kanda Iliyojazwa Karatasi

Ndugu zangu wa Sekei na Kimandolu, na ninyi tunaokutana nanyi kila alfajiri tukielekea kwenye mashamba ya maua ya Usa River, nawaomba mnisikilize. Nataka kuwasimulia habari za nyumba moja iliyoaibika mbele ya ukoo mzima kwa majivuno ya mtu mmoja. Ningependa sana kusema kwamba nyumba hiyo ni ya jirani, maana wengi wetu tukisimulia aibu huiweka kwa jirani. Lakini nyumba ni yangu, na mwenye majivuno ni mimi, Manase, mtunza bohari.

Tulikuwa na amani. Jumamosi asubuhi, Mlima Meru ukiwa umejitokeza wote bila wingu, mke wangu Ruth alikuwa akipika huku redio kaseti ikiimba dirishani. Alikuwa na kanda ishirini na kitu za kwaya, zimepangwa ndani ya boksi la viatu. Binti yetu Simaloi alifagia uwanja akiitikia sauti ya pili, na mimi nikakaa kibarazani na chai yangu, sina la kulalamikia.

Katika boksi lile kulikuwa na kanda moja isiyopigwa kamwe. Ilikuwa ya mama mkwe wangu, Elizabeth wa Ngaramtoni, ambaye wajukuu walimwita Koko, kama Waarusha wanavyomwita bibi. Mwaka 2001, alipojua kwamba ugonjwa wake si wa kupona, alimwita Ruth aende na redio yake. Mnajua desturi ya kule: mtoto huinamisha kichwa mbele ya mzee, na mzee humtemea mate kidogo ya baraka. Koko alihesabu miaka akaona hatafika kwenye kipaimara cha Simaloi.

"Mate yangu hayatafika siku hiyo," alimwambia Ruth. "Basi sauti yangu ifike."

Wakafunga mlango, wakarekodi wao wawili. Ruth alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Alichukua kisu akavunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda. Ninyi mliotumia kanda mnajua: kijino kikishavunjika, redio haikubali tena kurekodi juu yake. Hakumwambia mtu yeyote yaliyosemwa mle ndani.

"Ni ya mtoto," alisema. "Ataisikia siku yake."

Koko alizikwa mwaka uliofuata.

Mwaka huohuo ofisi yetu shambani ilibadilisha kompyuta, na moja ya zile kuukuu nikaipata mimi. Jamani, nilivimba! Ilikuwa miaka ile ambayo vitu vilimiminika madukani hata ukakosa pa kutazama. Leo kanda, kesho CD, keshokutwa unaambiwa nyimbo mia zinaingia kwenye sahani moja. Pale kwenye bucha la Sekei tulisimama tukibishana mpaka nyama inaisha. Wengine walisema sauti ya kanda ndiyo yenye utamu. Wengine walitaka CD. Na mimi, ambaye nilikuwa nimemiliki kompyuta kwa miezi miwili, ndiye niliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Debe tupu haliachi kuvuma.

Nikaanza kuzihamishia kanda za Ruth kwenye kompyuta. Kwa ile ya Koko alisita, kisha akanipa kwa sharti.

"Hamisha, Baba Simaloi, lakini usiisikilize."

Nilifunga sauti nikaihamisha kimya. Sharti lile nililitimiza, kwa mara ile.

Ruth ana mdogo wake wa kiume, Lemayian, mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja cha mjini. Alikuja siku moja kutazama.

"Shemeji, umeshaihamisha sauti ya mama?"

"Tayari! Dakika kumi na moja na sekunde arobaini na mbili."

Akainama kwenye kioo cha kompyuta, akakunja uso. "Mbona programu hii inaifunga? Ona, pameandikwa isomwe kwenye mashine hii pekee. Toa alama kwenye kisanduku hiki, uhifadhi kwa muundo ulio wazi, ule ambao programu yoyote inausoma. Halafu nitachoma CD tatu. Moja yako, moja yangu, moja ya Mjomba Yiamat kule Ngaramtoni."

"Kwa programu zako zile za bure?" Nilicheka. "Rahisi ghali, shemeji. Hii ni ya kulipia. Inafunga ili mtu asiibe."

"Nani atamwibia mama sauti yake?"

Sikumjibu. Leo nitawajibu ninyi, ijapokuwa uso unaniwaka nikisimulia. Sikuogopa wezi. Nilitaka yeyote wa ukoo ule atakayetamani kumsikia Elizabeth aje kwangu, akae kwenye kochi langu, angoje mimi nibonyeze. Kwa wakwe zangu nilikuwa mtu mdogo: Mmeru wa Akheri asiye na ng'ombe wa kutajika. Nilitaka mlango uwe mmoja, na mlango huo niwe mimi.

Lemayian aliomba mara mbili zaidi. Mara ya tatu nilimwambia akitaka kunifundisha, anitoze ada kama wanafunzi wake. Akaondoka bila kumaliza chai.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Ruth alikuja kulijua siku ileile walipolijua watu wote.

Redio moja ya FM ilikuwa na kipindi cha wasikilizaji kupiga simu, na Jumapili moja mada ilikuwa kanda na kompyuta, kipi kibaki. Ruth na Simaloi walikuwa kanisani. Nami nilisema naumwa mgongo. Nilipiga simu, nikaambiwa ningoje zamu. Nikaona haifai maneno yangu yapotee hewani, lazima niyarekodi. Nikatafuta kanda tupu, hakuna. Nikafungua boksi la viatu. Zile za kwaya Ruth alizipiga kila siku, angegundua. Ile ya Koko haikupigwa kamwe, na yaliyomo nilishayahamisha. Nikachana kipande cha fomu ya bohari, ile nakala ya rangi ya pinki, nikakikunja mara nne, nikaziba mashimo mke wangu aliyoyafungua kwa kisu.

Nikaipiga kwanza, kuona kama redio inafanya kazi. Koko akasema, "Simaloi, mtoto wa mtoto wangu, sogea hapa ni..."

Nilimsikia, ndugu zangu. Nikamkata katikati ya neno, nikabonyeza kitufe chekundu.

Zamu yangu ilipofika niliunguruma dakika mbili nzima, mtangazaji akiniomba nipunguze sauti ya redio yangu. Nilipokata simu nilikimbilia nje kuwauliza majirani kama wamenisikia. Nyuma yangu redio iliendelea kurekodi salamu za wasikilizaji na matangazo ya sabuni, mpaka upande wote ukaisha. Nikairudisha kanda boksini. Nilijiambia kwamba Koko yupo salama kwenye kompyuta.

Kipaimara kilipangwa Desemba 2004. Mwezi wa kumi kompyuta ikaingiwa na virusi. Nilihamishia faili zangu kwenye CD, nikampelekea mashine fundi wa mjini, akafuta kila kitu na kuweka programu upya. Nikarudisha faili. Majina yote yalikuwepo, na hilo la Koko likiwemo, na dakika zake kumi na moja na sekunde arobaini na mbili.

"Umeisikiliza, hata mwanzo tu?" Ruth aliuliza.

"Si ulinikataza? Ipo. Nimeiona kwa macho yangu."

Sauti haionwi kwa macho, lakini hata mtoto mdogo angenieleza hilo nisingemsikiliza.

Siku ikafika. Turubai lilijaa uwanja wetu mpaka kwa jirani. Wakwe walikuja kutoka Ngaramtoni, wanawake na vibuyu vya loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, na mbele yao Mzee Yiamat, kaka yake Koko, na fimbo yake. Simaloi alikuwa na gauni jeupe. Baada ya keki mshereheshaji alitangaza kwamba sasa atasema yule ambaye hayupo. Simaloi akasogea mbele ya spika, akainamisha kichwa, vilevile kama mtoto anavyoinama mbele ya mzee.

Nikabonyeza. Kukatokea maandishi kwamba sina kibali cha kulifungua faili hilo kwenye mashine hii. Nikabonyeza tena. Lemayian alikuja akatazama nyuma ya bega langu.

"Ulipeleka kwa fundi akafuta?"

"Ndiyo."

"Funguo za kulifungulia faili zilikuwa humo, shemeji. Zimefutwa pamoja na vingine."

Mtoto bado ameinama. Hapo Ruth akainuka, na jamani, alikuwa anatabasamu. "Msihangaike," alisema. "Kanda yenyewe ninayo. Nilivunja vijino kwa mkono wangu." Akaingia ndani.

Kutoka pale turubaini mpaka chumbani kwetu na kurudi ni dakika tatu. Nilikuwa na dakika tatu za kufungua kinywa. Ningeweza kumfuata mke wangu, nimwambie tukiwa wawili tu, alie kwenye kitanda chake mlango ukiwa umefungwa. Sikwenda. Nilirekebisha tai.

Ruth alimpa Lemayian kanda. Lemayian akaigeuza ili aiweke kwenye redio, akaona karatasi ya pinki. Alikuwa amezoea kuziona karatasi zile mezani kwangu. Alinitazama. Nikatazama keki.

"Weka basi," Ruth alisema. "Mtoto anachoka."

Akaweka.

"Simaloi, mtoto wa mtoto wangu, sogea hapa ni..." Sauti ya Koko ikatoka kwenye spika zile kubwa, na wanawake wa Ngaramtoni wakavuta pumzi kwa pamoja. Kisha tak! Mtangazaji akasema tuna msikilizaji kutoka Sekei, hebu punguza redio yako. Na baada yake mimi: "Ndugu mtangazaji, mimi nasema kanda ni takataka. Mwenye akili hatunzi takataka ndani ya nyumba yake!"

Baadhi ya vijana walicheka, wakidhani ni utani wa mshereheshaji. Kicheko kikafa haraka. Tangazo la sabuni likaanza kuimba, na Simaloi bado ameinamisha kichwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia ainue.

Mzee Yiamat akasimama, akiegemea fimbo. Hakuelewa mambo ya faili wala kanda.

"Huyu ni mkwe," alisema. "Nimemsikia. Dada yangu yuko wapi?"

Lemayian alizima redio. Mzee akatembea polepole mpaka kwa Simaloi, akamtemea baraka yeye mwenyewe, akamwinua uso. Alisema maneno machache ya Kimaasai, ya kwake. Yale ya dada yake hakuyajua.

Ruth hakunipigia kelele. Aliitoa kanda, akachomoa kile kikaratasi kwa kucha, akakiweka mbele yangu kwenye sahani ya keki. "Nilivunja," alisema. "Wewe ukajaza." Hajarudia maneno hayo, na mimi sijapita siku bila kuyasikia.

Lemayian aliichukua kompyuta wiki tatu. Aliirudisha akasema amejaribu kila alichokijua, na faili ni zima kabisa, halina kasoro yoyote, ila halifunguki. Nilimwomba Ruth atusimulie walau yale anayoyakumbuka. Alikumbuka wimbo, na jambo fulani kuhusu maziwa. Mengine, alisema, alikuwa akilia.

FUNZO

Wazazi wenzangu, sisemi mkatae vitu vipya. Hata kanda ilikuwa kitu kipya siku moja, na ndiyo iliyombeba Koko. Ninachosema ni kwamba kabla hujakabidhi sauti ya mzazi wako kwa chombo chochote, uliza nani anashika funguo. Chombo kinachokuambia isomwe hapa tu, kimoja kikifa vyote vimekufa. Hifadhini kwa namna ambayo mashine ya jirani nayo itaisoma, na mgawane nakala, moja mjini, moja kwa mjomba. Kitu cha ukoo kikikaa kwa mtu mmoja, siku akikosea wameadhibiwa wote.

Na nakala ikiwepo, ile ya kwanza msiiguse. Sikilizeni kwa masikio kabla hamjasema ipo.

Lakini hayo ni ya mashine, na Lemayian huyafundisha vizuri zaidi yangu. Siku hizi huwa naongozana naye Jumapili baada ya ibada, tunazihamisha kanda za watu bila kuzifunga, na kila kanda inarudi kwa mwenyewe. Funzo langu mimi ni la moyo. Mashine haikunilazimisha kufunga, mimi nilipenda kufunga. Mtu akiwaambia, "Njooni kwangu, kwangu pekee ndiko mtakakosikia," mwogopeni, hata akiwa na kompyuta nzuri. Mwogopeni zaidi akiwa ni ninyi wenyewe.

Faili bado ninalo. Simaloi amekuwa mtu mzima, na mara nyingine anakuja, anaketi mbele ya ile kompyuta kuukuu, anasoma jina la bibi yake na zile dakika kumi na moja. Juzi nilimwona, alipodhani yuko peke yake, akiinamisha kichwa.