Mutoto wa Kwenye Karatasi

Sikieni, watu wangu wa Kasese, na nyinyi wa Bwera pia. Haya mambo yametokea hapa kwetu, kwa watu tunaowajua, na mimi tangu niyasikie siwezi kuona mutoto amekaa kwenye majani bila roho yangu kushtuka.

Anzeni na Jumamosi moja asubuhi, nyumbani kwa Yeseri. Mlima uko wazi, hakuna wingu. Yeseri ananoa silasha, lile panga lake la kufyekea majani, mlangoni. Mke wake Ketura anamimina chai. Binti yao Evas, miaka mitano, anakimbiza kuku na kumtukana kwa Lhukonzo, lugha ya kwetu, mpaka majirani wanacheka. Nyumba nzima inanukia majani yaliyokatwa, maana hiyo ndiyo kazi ya Yeseri: kukata majani ya kompaundi, yaani viwanja vya nyumba za watu. Alianza na silasha moja. Sasa alikuwa na mashine ya kusukuma, na pampu ya kubeba mgongoni ya kupulizia dawa. Mutu mpole kabisa. Majani ya kanisa alikata bure.

Lakini wiki hiyo alikuwa hapati usingizi. Kuna vijana wamekuja mjini na ovaroli za kijani na karatasi za tangazo zenye rangi, na wateja wake wawili wakubwa wamehamia kwao.

"Karatasi tu, Mama Evas," akasema. "Wananishinda na karatasi."

"Basi na wewe chapisha yako," Ketura akamjibu. "Dada yako Phionah anafanya kazi gani kule Bwera?"

Phionah mnamjua. Ana kibanda kando ya barabara ya kwenda mpakani, anapiga picha za pasipoti, anachapa kadi za harusi na programu za mazishi. Alijifundisha mwenyewe kwenye simu. Alikuja siku hiyo hiyo na kompyuta yake kwenye begi. Yeseri akamwonyesha alichokuwa amefikiria: picha ya mashine, namba ya simu, na maneno "Tunakata majani".

Phionah akacheka. "Yaya, kaka yangu, hii imelala! Mutu ataona mashine, atapita. Weka mutoto, mutu atasimama."

Wakaenda kwenye kompaundi ya kanisa. Evas akalazwa kifudifudi kwenye majani laini, mikono chini ya kidevu.

"Cheka, kipenzi! Bado kitu kimoja." Phionah akatazama huku na huku. Majani ya katikati yalikuwa mafupi, Yeseri ameyakata jana. Akaenda kando ya ua, akang'oa jani moja refu. "Shika hii na meno. Eeeh! Hivyo hivyo! Usitafune!"

Picha ikatoka nzuri kupita kiasi. Mutoto anacheka, jani liko mdomoni, nyuma yake kijani kitupu. Kwenye majani hayo hakukuwa na dawa yoyote. Kumbukeni hilo.

Jioni wakakaa mezani kuandika maneno.

"Dawa pia unapuliza?" Phionah akauliza.

"Ndiyo. Ya kuunguza magugu, kando ya njia na chini ya ua, pale mashine haifiki."

"Jina yake nani?"

"Dawa ya Mugume," Yeseri akajibu. Dawa yenyewe aliitoa Mubuku, kwa rafiki yake Mugume, mutu amekodi shamba la mahindi kule. Mugume ananunua jerikani kubwa, anagawa kwenye chupa za maji ya kunywa, anauzia marafiki. Yeseri hajawahi kuiona hiyo jerikani. Yeye aliita tu dawa ya Mugume.

"Siwezi kuandika dawa ya Mugume, watatucheka." Vidole vya Phionah vikakimbia. "Ona. SALAMA MAJANI, dawa ya kisasa. Sasa iko na jina. Na hapa chini, na herufi kubwa: MUTOTO ACHEZE HAPO HAPO!"

Ketura akaweka kikombe chini. "Baba Evas, wewe mwenyewe ukitoka kupulizia unanawa mara tatu. Nguo zako unakataa nizifue na za mutoto. Sasa tunaandika hivi?"

"Mama Evas, ni tangazo. Nani anasoma tangazo kama Biblia?"

Wakacheka. Phionah akacheka, Yeseri akacheka, na Ketura, jamani, Ketura aliyekuwa ameona, naye akacheka.

Zikachapwa karatasi mia tano. Mia mbili zikabaki Kasese, mia tatu Phionah akarudi nazo Bwera. Na simu ya Yeseri ikaanza kulia! Hoteli, kliniki, nyumba za mapadri. Kila mutu anataka "ile ya mutoto".

Mmoja wao alikuwa Acan, mke wa mwanajeshi anayeitwa Afande Sam. Hao ni watu wa kutoka kaskazini, walikuwa wamepanga nyumba karibu na kambi, yenye kompaundi ndogo. Wana mutoto mmoja, Kenneth, miaka minne. Acan alibandika karatasi ukutani kando ya mlango, na Kenneth akaipenda sana. Kila asubuhi alikuwa anamsalimia Evas wa kwenye picha.

Yeseri alifika kwao Jumanne moja mapema. Alipoanza kuchanganya dawa, Acan akatoka.

"Fundi, huyu wangu iko mtundu sana. Hii dawa hakuna shida?"

Ndugu zangu, simameni hapo kidogo. Mama anauliza uso kwa uso. Neno moja lilitosha: mufungie ndani. Lakini Yeseri akifikiria tangazo lake, akaona haya kulipinga kwa mdomo wake mwenyewe.

"Si umeona kwenye karatasi, mama?"

"Nimeona."

"Basi."

Akakata katikati, akapuliza kando ya ua, akaondoka saa nne.

Kenneth akatoka nje. Akalala kifudifudi pale katikati, mikono chini ya kidevu. Lakini alikosa kitu. Akatafuta jani refu, na jani refu halikuwepo isipokuwa kando ya ua. Akang'oa moja, bado lina maji maji. Akaweka kwenye meno.

"Mama, ona! Mimi ni mutoto wa karatasi!"

Acan akacheka mpaka machozi. Akachukua simu, akampiga picha. Mutoto akatafuna jani, akacheka, akang'oa lingine.

Saa sita alikuwa anashika mdomo na kulia kwamba unaungua. Saa sita na nusu akaanza kutapika.

Yeseri alikuwa anakula ugali na familia yake wakati mlango ulipotiwa kivuli. Mwanajeshi, kombati, buti, na karatasi imekunjwa mkononi.

"Yeseri ni nani?"

"Ni mimi, afande."

"Simama."

Akasimama, tonge bado mkononi. Evas akajificha nyuma ya mama yake, kisha akachungulia. Mwanajeshi akamtazama. Akatazama karatasi. Akamtazama tena, muda mrefu, na Ketura akasema baadaye kwamba hajawahi kuogopa macho ya mutu namna ile.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, afande," Ketura akajibu kwa sauti ndogo.

"Yeye iko mzima." Mwanajeshi akakunjua karatasi. "Wangu iko hospitali. Anatapika, mdomo imetoka vidonda. Daktari anauliza dawa ni gani. Tumemwambia Salama Majani, kama mumeandika. Ametafuta kwenye kitabu, ametafuta kwenye simu, amepigia wenzake Kampala. Hakuna dawa ya jina hiyo. Sema haraka. Jina yake nani?"

Yeseri akarudisha tonge kwenye sahani.

"Sema!"

"Afande, sijui."

"Umeandika jina hapa!"

"Tulilitunga."

Yeseri alifumba macho akingoja kupigwa. Hakupigwa, na hiyo ilimtisha zaidi. Afande Sam alisema tu, "Vaa viatu. Twende pale ulitoa."

Ketura akabeba chupa ya dawa iliyobaki, akamwacha Evas kwa jirani, akakimbia hospitali. Yeseri na Sam wakapanda boda ya kwenda Mubuku, Yeseri katikati, mwanajeshi nyuma. Njia nzima Yeseri alikuwa anasikia pumzi ya Sam kwenye shingo.

Hospitalini daktari akanusa chupa, akaigeuza. Chupa ya maji ya kunywa, yenye picha ya mlima wenye theluji.

"Mama, hii inaniambia nini? Dawa za magugu ziko nyingi, na kila moja inaua kwa njia yake. Nikikosea matibabu naweza kumumaliza mimi mwenyewe. Nahitaji jina."

Ketura akakaa chini kwenye korido. Ndipo akakumbuka karatasi mia tatu. Akampigia Phionah.

"Wifi, karatasi ziko wapi?"

"Zimeisha!" Phionah alikuwa anapiga kelele, nyuma yake honi za boda. "Leo iko siku ya soko, nimegawa zote! Hata Wakongomani wamebeba. Wifi, watu wanamupenda Evas, hujui! Wamama wako na ..."

"Phionah. Mutoto wa mutu anakufa."

Kule Mubuku, Mugume alikuwa amekaa kando ya mfereji. Akaona kombati kwanza.

"Dawa gani? Mimi nalima mahindi tu."

"Mugume, jerikani!" Yeseri akampigia magoti kwenye tope. "Nionyeshe jerikani tu!"

"Sijui jerikani, mimi."

Sam akasogea mbele, na hapo akaongea polepole kama mutu anayeomba maji. "Bwana, mutoto wangu iko na miaka minne. Sikukuja kukufunga. Nataka kusoma tu."

Mugume akatazama chini. Kisha uso wake ukabadilika, na si kwa sababu ya Sam.

"Jerikani iliisha jana," akasema. "Niliisuuza. Teopista ... mke wangu ... ameenda nayo kuchota maji."

Wakakimbia wote watatu, Mugume mbele, akiita jina la mke wake kwa sauti. Walimkuta nyumbani. Sufuria iko kwenye mafiga, jerikani imeinamishwa, maji yanaanza kutoka. Mugume akaipiga teke. Teopista akapiga kelele akidhani mume wake amepata wazimu.

Karatasi ya ubavuni ilikuwa imechanika nusu, nusu ingine imejaa tope. Yeseri akavua shati, akapangusa. Sam akamshikia jerikani. Fuvu jekundu likaonekana kwanza, halafu herufi ndogo chini yake. Sam akapiga picha. Akatuma kwa namba ya Ketura. Mtandao hakuna.

Akakimbia mpaka barabarani, simu ameinua juu ya kichwa, Yeseri nyuma yake kifua wazi. Hatua kumi, hakuna. Ishirini, hakuna. Juu ya daraja la mfereji, picha ikaenda.

Daktari akaisoma kwenye simu ya Ketura. "Ingekuwa hapa saa saba," akasema, naye anakimbia, "nisingekuwa naogopa hivi." Saa ilikuwa tisa na robo.

Kenneth hakufa. Alikaa hospitali wiki tatu, na siku sita za kwanza hakuna mutu aliyejua kama atapona. Leo anakula, lakini sauti yake imebaki ya kukwaruza kama ya mzee, na hakanyagi majani. Ukimweka chini kwenye kompaundi anakung'ang'ania shingoni.

Siku ya saba Acan alimkuta Ketura kwenye korido, akampa ile karatasi iliyokuwa ukutani kwake, ameikunja vizuri.

"Nilimuuliza bwana yako," akasema. "Aliniambia nisome. Mimi nilisoma kila neno."

Hakumtukana. Ketura anasema afadhali angemtukana.

Yeseri alijipeleka polisi mwenyewe, akaandika maelezo, na kesi bado iko. Mashine imefunikwa na gunia nyuma ya nyumba. Wao watatu, yeye, Ketura na Phionah, walizunguka Bwera siku nyingi wakitafuta karatasi zao. Walizitoa kwenye vioo vya maduka, kwa wabadilisha pesa, kwa mama wa karanga aliyekuwa anafungia karanga ndani yake, kila kifurushi na uso wa Evas unacheka. Mama huyo akamwambia Ketura, "Mutoto muzuri huyu! Ni wa nani?" Ketura akalipia karanga zote, akaondoka nazo.

Walihesabu zilizorudi. Karibu mia moja hazijapatikana. Zingine zimevuka mpaka.

FUNZO

Ndugu zangu, tangazo ni mdomo wako. Ukiandika neno, kuna mama mahali fulani atalala akiliamini, na mutoto asiyejua kusoma ataifuata picha. Usikipe jina kitu usichokijua. Usiseme salama kwa sababu salama inauza. Wewe unayechapa, uliza kabla ya kupamba. Wewe uliyeona kosa mezani, usicheke na wenzako ili mambo yapite, simama pale pale. Na sumu ikae kwenye chombo chake, na karatasi yake, mbali na chupa na jerikani za maji. Mutu akikuuliza "hakuna shida?", mjibu kwa mdomo wako, ukweli wote, hata kama kazi itapotea.

Na ukikutana na karatasi yenye binti anacheka na jani mdomoni, iwe Bwera, Kasese au ng'ambo ya mpaka, ichane. Kama mutoto wako ameshaiona, usimwache nje peke yake leo.