Simama Mbele Yangu Nikuone

Chumba cha kompyuta cha seminari ile kilianza kunuka utambi wa mshumaa uliozimwa sasa hivi. Mshumaa wenyewe haukuwemo. Utokee wapi, katikati ya nyaya na mitambo? Fundi alinusa nyuma ya kila kompyuta akidhani kuna waya unaungua, akachungulia hadi chini ya meza, akaambulia patupu. Akafungua dirisha, akarudi kazini.

Fundi huyu alikuwa mwanamke, na mafrateri, vijana waliosomea upadri pale, walimpachika jina la Mama Hapana. Wewe mpigie simu umwambie umesahau neno la siri la barua pepe yako, umlilie, umbembeleze, jibu ni hapana. Kwenye mafunzo yake ya usalama mtandaoni hakuchoka kuwaonya, wanafunzi kwa walimu, kwamba siku hizi matapeli wanaiga sauti ya mtu mpaka mama mzazi anaingia mkenge. Halafu humalizia kwa maneno ambayo mafrateri waliyaigiza bwaloni wakishika mbavu: "Simama mbele yangu nikuone uso, ndipo nikufungulie."

Wiki ile hakuna aliyecheka. Yalikuwa mafungo ya kimya. Watu walipishana varandani kwa kuinamisha vichwa tu, na simu zao zote zilizimwa zikafungiwa kwenye kabati la fundi, ufunguo akauvaa shingoni. Mdogo wake naye alikuwa kwenye mafungo hayo. Fundi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamwogesha, akamsomesha, na sasa kijana alikuwa mwimbishaji wa kwaya, mwenye sauti ya kumfanya hata mpishi aache sufuria aje dirishani kusikiliza. Mwaka huu alikuwa aombe ushemasi. Dada mtu alishaanza kulia kwa furaha kabla ya siku yenyewe.

Mchana, jua likiwa kali, simu ya fundi ikaita. Akaona jina la mdogo wake, akapokea bila kufikiri. Sauti ikamnong'oneza kwamba maombi ya ushemasi yanafungwa leo leo, kwamba amesahau neno la siri la akaunti yake, kwamba akikosa ni kusubiri mwaka mwingine, na kwamba hawezi kuja kwa sababu ya mafungo. Fundi akasema hapana. Sauti ikaanza kulia kwa kuvuta pua, kilio kile kile cha utotoni. Jamani, nani aliyelea mtoto angevumilia? Akabadilisha neno la siri, akamtajia herufi moja moja.

"Umeshanifungulia?"

"Nimekufungulia. Ingia."

Simu ikakatika, na ile harufu ya utambi ikajaa chumba kizima ingawa dirisha lilikuwa wazi. Hapo ndipo akili ikamrudia. Simu ya mdogo wake ilikuwa ndani ya kabati pale pale pembeni yake, imezimwa, na ufunguo uko shingoni. Tena katika maneno yote yale hakumwita dada hata mara moja, na mdogo wake haombi hata chumvi bila kusema dada.

Alitoka mbio, viatu vikigonga sakafu katika kimya kile mpaka mafrateri waliokuwa wakisali bustanini wakainua macho, akaingia kanisani akamkuta mdogo wake amepiga magoti pale pale alipokuwa tangu asubuhi, akamshika bega akamsihi avunje kimya, aseme neno moja tu, na kijana akageuka, akafungua kinywa, akajaribu, akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka, lakini kilichotoka ni pumzi tupu yenye harufu ya utambi.

Padri mlezi, mzee aliyeongoza mafungo, alikuwa humo kanisani; akamfuata fundi hadi chumba cha kompyuta. Mlangoni wote wawili wakasita. Spika zote zilikuwa zikiimba, kwa sauti ya mdogo wake, zaburi moja ndefu, na kadiri walivyosikiliza ndivyo fundi alivyobaini kwamba mwimbaji hakuwa akivuta pumzi, mstari uliingia kwenye mstari bila mwanya hata wa kumeza mate. Padri akasali. Wimbo ukaendelea. Akasali tena, na wimbo ukakatika ghafla.

"Sikuvunja mlango, Padri," sauti ikasema kwa upole. "Nilifunguliwa."

Padri akamnong'oneza fundi kwamba aliyefungua ndiye atakayefunga. Fundi akakaa mbele ya kompyuta. Alikuwa na hofu, lakini alikuwa na hasira pia, maana kilichoibiwa ni sauti ya mtoto wake wa kulea.

"Sheria yangu haijabadilika," akasema. "Simama mbele yangu nikuone uso, ndipo nikufungulie. Huwezi? Basi toka."

Akaifuta ile akaunti ya mdogo wake. Spika zikanyamaza. Harufu ikapungua, ikaisha kabisa, na upepo wa kawaida ukaingia dirishani. Padri akajitupa kitini akifuta jasho, akamshukuru Mungu kwa sauti, mafungo au si mafungo. Fundi alilia kama mtoto.

Kisha nyayo zikasikika varandani, za mtu asiye na haraka. Mlango ukagongwa, ukafunguka. Alikuwa mdogo wake, mzima, anatabasamu. Fundi akainuka mikono wazi, akingoja kusikia lile neno moja, dada.

"Mama Hapana," kijana akasema kwa ile sauti tamu ya kwaya, na harufu ya utambi ikamtoka kinywani. "Nimesimama mbele yako. Uso umeuona. Sasa wafungulie na wenzangu."

Ndani ya kabati, simu zote zilizozimwa zikaanza kuita.