Mbeleko ya Sabiri

Basi la kwenda Korogwe lilikuwa limeshaiacha stendi ya Handeni Mwaija alipokumbuka kuuangalia mfuko. Ulikuwepo, magotini pa mama yake. Ndani yake mlikuwa na mbeleko iliyokatwa vipande.

"Usiniangalie mimi," Hajira alimwambia bintiye. "Na tukifika, utasema mwenyewe."

Mwaija alikuwa na miaka kumi na tatu. Kila Jumamosi, akishamaliza kuchota maji, aliazima simu ya mama yake akaandika kwenye blogu yake ndogo kuhusu vitambaa vya meza alivyodarizi. Mwanablogu aliyempenda kuliko wote ni Asnath wa Masuguru, mjini Korogwe, ambaye hutengeneza sura za watu kwa vipande vya khanga. Asnath aliwahi kumwandikia, "Mshono wako umetulia, mdogo wangu." Mwaija aliyasoma maneno hayo mpaka yakamganda kichwani.

Basi, akataka kusifiwa zaidi. Akachukua picha ya kazi ya Asnath, sura ya bibi kizee mwenye ushungi, akaiweka kwenye blogu yake na kuandika: "Kazi ya mikono yangu."

Jirani yao Maryamu aliiona. Mwanawe Sabiri, wa miaka mitatu, alikuwa amezama kwenye lambo mwezi wa pili. Maryamu akaja na mbeleko aliyombebea, khanga iliyochakaa hadi mwanga unapita, pamoja na picha moja ndogo ya mtoto.

"Nishonee sura yake, mwanangu. Kwa khanga hii hii."

Mwaija angeweza kusema ukweli pale pale. Akasema, "Sawa, mama."

Kila alipokata, khanga ilifumuka nyuzi. Alipopitisha sindano, ikachanika. Siku ya tatu Maryamu alikuta vipande vimetapakaa mkekani. Hakugomba. Aliokota kimoja, akakinusa, akakaa chini.

"Alilala humu," alisema. Halafu akaondoka, vipande akaviacha. Hajira alipoambiwa ukweli wote, akavikusanya mfukoni.

Masuguru walimkuta Asnath kwenye cherehani yake.

"Shikamoo, dada. Mimi ni Mwaija wa Handeni. Nilichukua picha yako nikasema ni kazi yangu."

"Marahaba. Niliiona."

"Mbona hukuniambia?"

"Kazi ya kusema ilikuwa yako, mdogo wangu."

Hajira akafungua mfuko, akatoa vipande na picha ya mtoto, akaeleza habari ya Sabiri. Asnath akavitandaza vipande mezani.

"Ya picha yangu nimekusamehe," alisema. "Hii siyo yangu kusamehe. Uliipaka uji kwanza?"

"Uji gani?"

"Uji mwembamba wa muhogo. Khanga iliyochoka haikatwi hivi hivi. Unaipaka, inakauka, unaipiga pasi, unaishikiza juu ya kitambaa kigumu. Ndipo mkasi."

"Kwenye picha haionekani," Mwaija alisema.

"Haionekani, ndiyo. Huonekana kwa anayeuliza."

Walishinda kazini. Mwaija alikoroga uji, akapaka, akapiga pasi, akashona pale tu alipoelekezwa. Vipande vizima vilitosha uso, lakini sikio moja likakosa kitambaa. Mwaija akataka kuziba kwa khanga nyingine. Asnath akakataa.

"Kilichopotea kimepotea. Acha kionekane."

Wakirudi, Hajira alimwambia bintiye, "Kupenda kazi ya mtu si vibaya. Ungemwomba Asnath akufundishe, angekufundisha kama leo, na mbeleko ingekuwa nzima. Ukijisingizia ujuzi usio wako, anayekuamini ndiye anayeumia."

Maryamu aliipokea sura ya mwanawe, akaitundika juu ya kitanda. Hakumtukana Mwaija, wala hakuingia tena nyumbani kwao. Mwaija aliandika ukweli wote kwenye blogu, akalitaja jina la Asnath. Wasomaji wake wakapungua. Kila likizo huenda Masuguru kujifunza, na mpaka sasa hajaruhusiwa kugusa nguo ya marehemu. Asnath bado anashona. Lambo limezungushiwa miiba.