Nafasi Mbele ya Dirisha la Mama

Lamwaka aliiona kamba kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa akianika mashuka ya mama. Ilikuwa kamba ya katani ya kuonyesha ukuta utakapopita, imefungwa kwenye vigingi viwili katika kiwanja cha jirani yao, Ochola. Kutoka dirisha la mama hadi kwenye kamba zilikuwa hatua tatu fupi. Lamwaka akaendelea kuanika. Hakuwa msemaji.

Mama yake, Santina, ana pumu. Chumba chake kina dirisha moja tu. Likifungwa, kifua chake huanza kulia.

Wiki hiyo ikaja barua yenye muhuri kutoka ofisi ya mipango ya jiji. Baba yake, Okidi, mwanajeshi mstaafu, aliipokea amesimama wima. Aliliona jina la Ochola na muhuri, akaikunja. Akasema Ochola ameruhusiwa kujenga karibu na mpaka, na amri ikishatoka haijadiliwi.

Baba alipotoka, Lamwaka aliifungua barua. Aliisoma neno kwa neno, kidole chini ya mstari. Kisha akairudisha mezani.

Siku tatu baadaye, Adoch, katibu wa kamati ya mtaa, alikuja kumjulia hali mama. Akaiona barua.

"Afande, mbona hujajibu? Mwisho ni Ijumaa."

"Nijibu nini? Amri inatekelezwa."

"Vita viliisha, Afande. Hii si amri. Ni swali."

Akawaeleza. Anayejenga anatakiwa kuacha nafasi kati ya nyumba yake na mpaka, ili hewa na mwanga vipite, maji ya mvua yapate njia, na moto usiruke. Anayetaka kuacha nafasi ndogo zaidi huomba ruhusa maalumu. Kabla ya kuamua, ofisi huwauliza majirani. Wasipojibu, itadhani hawana neno.

Okidi aliinamisha kichwa.

"Ochola alibeba jeneza la mwanangu. Leo nimwandikie barua ya kumpinga?"

"Hujaambiwa umpinge," Adoch akasema. "Andika ukuta huo utamfanya nini mama Lamwaka. Lakini kwanza mwambie Ochola mwenyewe."

Jioni Ochola aliporudi kutoka dukani kwake katika soko la Kikuubo, walimwita chumbani kwa Santina. Okidi alishindwa kuanza. Santina akamwomba Ochola alifunge dirisha. Akalifunga. Wakakaa. Haukupita muda, kifua kikaanza kulia. Ochola akainuka, akalifungua mwenyewe.

"Mama, nisamehe," akasema. "Mimi nilipima kiwanja tu."

Alihitaji vyumba viwili, kwa kuwa watoto wake walikuwa wanakuja kutoka Kisumu. Wakakubaliana aache nafasi yote inayotakiwa upande wa dirisha, na ruhusa maalumu aiombe kwa upande wa nyuma, ambako hakuna dirisha la mtu. Okidi aliandika maoni hayo na kutia sahihi. Ochola akabadilisha ombi lake. Mkaguzi alikuja na futi yake, akapima, akamuuliza pia jirani wa nyuma. Ofisi ikakubali.

Sasa vyumba vimekwisha, na watoto wa Ochola wamefika. Dirisha la mama liko wazi mchana kutwa.

Asubuhi moja Lamwaka alikuwa akianika mashuka. Baba alikuwa ameketi karibu, akisikiliza mama anavyopumua. Lamwaka akasimama na shuka mkononi.

"Baba, ile barua niliisoma siku ilipofika. Niliona wanatuuliza. Nilinyamaza kwa sababu niliishia darasa la tano. Nilidhani wanaoulizwa ni waliosoma."