Miguu Isiyosikia

Moshi ni kitu cha kupanda juu. Hata mtoto akiuchora, huuchora ukipanda. Lakini alasiri ile, mkaza mwana alipoipuliza ncha ya kijiti cha dawa mpaka ikawa nyekundu, moshi ulishuka. Ulitambaa kando ya goti la mama mkwe wake, ukazunguka kifundo cha mguu, ukajiingiza chini ya wayo kama paka anayerudi kwao. Aliinuka kufunga dirisha, akidhani ni upepo. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Akarudi kuketi. Hakuwa mtu wa kusema. Mama mkwe alizoea kumtania kwamba siku nyumba ikishika moto, mke wa mwanawe ataomba ruhusa kwanza ndipo apige kelele.

Kisukari kilikuwa kimeila miguu ya mama yule kimyakimya. Sukari yenyewe ilishuka kwa vidonge vya hospitali, ila ganzi ilibaki. Siku moja alizunguka nyumba nzima na pini imemwingia kisiginoni, asijue mpaka alipoona damu sakafuni. Daktari alimwambia kuwa akipata kidonda kingine kama kile, mguu utakatwa. Ndipo jirani alipowapeleka kwa mwanamke aliyeitwa Mama Moshi, aliyejifunza tiba ya Kichina ya majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene. Huyawasha, akayapitisha karibu na ngozi bila kuigusa, ili joto liamshe mishipa.

"Wagonjwa wengine husema wenyewe 'moto', nami nikaondoa," Mama Moshi alimweleza mkaza mwana. "Huyu hasikii. Kwa hiyo weka vidole vyako viwili hapa, kimoja huku, kimoja huku, moto upite katikati. Wewe ndiye utakayemsikilizia."

"Sikio la kufa halisikii dawa," mama mkwe akacheka. "Sijui mguu wa kufa."

Tangu hapo walifanya wenyewe nyumbani, mtoto wa mkaza mwana akiwa amelala. Na alasiri hiyo, moshi ukiwa bado unazunguka chini, pakagongwa. Ngo, ngo, ngo. Mkaza mwana, macho yake yote kwenye moto, akaitikia kama mtu yeyote aliyelelewa: "Karibu."

Hakuingia mtu. Alikwenda kufungua, akakuta baraza tupu. Aliporudi kuketi pakagongwa tena, na safari hii alitazama chini. Kilikuwa kidole gumba cha mguu wa mama mkwe, kinagonga mguu wa kiti, taratibu, kwa adabu, na mwenyewe anapiga miayo, hana habari. Kukaja harufu ya nywele zilizoungua. Vidole viwili vya mkaza mwana vikaingia baridi mpaka kwenye mfupa.

Baada ya siku hiyo miguu ikaanza kusikia. Mama mkwe alihisi ubaridi wa sakafu, akalia kwa furaha. Akaiacha fimbo nyuma ya mlango. Alimtekenya mjukuu wake nyayo, akimwita mume wangu mdogo, na mtoto akarusha mateke kwa kicheko mpaka akapata kwikwi. Mkaza mwana angeanzia wapi kusema kwamba alishika sufuria ya moto, akajua anaungua kwa harufu tu? Alijiambia ni uchovu.

Asubuhi moja alichanganya maji ya kumwogesha mtoto, akachovya vidole vile viwili kama alivyozoea, akaona ni baridi, akaongeza ya moto, akachovya tena, bado baridi, akaongeza tena, na mtoto mikononi mwake akaanza kulia na kujipinda na kumpanda begani kana kwamba ndani ya beseni kuna mnyama, naye akambembeleza huku akiinama, miguu ile midogo ikakaribia kabisa kugusa maji, ndipo mama mkwe alipoingia pekupeku na kukanyaga maji yaliyomwagika sakafuni.

"Moto!"

Mvuke ulikuwa umejaa chumba kizima. Mkaza mwana alikuwa ameuona. Ila aliviamini vidole.

Alimbeba mtoto moja kwa moja hadi kwa Mama Moshi. Yule mtabibu alivishika vidole vile, akavinusa, akashusha sauti.

"Alipobisha hodi, uliitikia?"

"Niliitikia."

"Ganzi ni nyumba tupu, mwanangu. Jini alikuwa amehamia miguuni. Moto ulimkera, akatafuta pengine, nawe ukamkaribisha. Majani makavu hayamwezi, nakwenda kuchuma mabichi. Nitakuja leo hii. Mpaka nifike, atagonga tu. Asiitikiwe na mtu."

Njia nzima ya kurudi, mkaza mwana alijizoeza jinsi atakavyomweleza mkwe wake. Lakini alimkuta jikoni akiosha vyombo, akiimba, akikanyaga sakafu kwa kishindo kwa raha tu ya kuisikia. Angemwambiaje kwamba mzigo alioutua yeye, mwenzake ndiye aliyejitwika? Akaona haya. Akaona bora Mama Moshi afike aseme mwenyewe.

Alimlaza mtoto kitandani, akakaa kando yake, mkono ule ameukalia. Mtoto akalipiga teke shuka. Mama yake, bila kuwaza, akanyoosha mkono kumfunika, na vidole vile viwili vikamtoroka, vikaugonga ubao wa kitanda, ngo, ngo, ngo, naye akavivuta kwa mkono wa pili, akavilalia kwa kifua, akauma meno ili hata pumzi isisikike, vikachomoka vikagonga tena, taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayejua kuwa wenyeji wapo, mpaka jikoni maji yakaacha kumwagika.

"Karibu," mama mkwe akaitikia kwa bashasha. "Karibu ndani."

Joto likarudi vidoleni. Alisikia mikwaruzo ya ubao, akasikia uzi wa shuka. Kisha akasikia ngozi laini, akatazama. Vidole vyake vilikuwa vimejilaza kwenye wayo wa mtoto, kimoja huku, kimoja huku.

Akamtekenya. Polepole kwanza, kisha kwa ukucha.

Mtoto alimtazama tu, akingoja aanze.